Jogoo anamrukia mwanangu: nimfunze, nimtenge au nimchinje?

*"Nina mitetea 14 na majogoo wawili hapa nyumbani, pembeni ya mji wa Morogoro. Jogoo mkubwa ni chotara wa Kuchi, ana miezi tisa. Alikuja kifaranga wakati wa mvua, wenzake watatu wakafa, nikamlea kwenye boksi jikoni. Watoto walimzoea mpaka akawa analala mapajani mwao. Miezi miwili sasa amegeuka. Anamkimbiza binti yangu wa miaka minne, na wiki jana alimrukia kwa nyuma akamchoma chini ya sikio. Mama mkwe hawezi kwenda bombani bila fimbo. Mume wangu akimpiga teke anatulia siku hiyo, kesho yake anazidi. Jirani mmoja anasema tumkate mdomo na ile miba ya miguuni. Mwingine anasema jogoo mkali ndiye mbegu na ndiye mlinzi, tusimguse. Halafu mitetea watano wana upara mgongoni, na mmoja anaatamia mayai 11 ambayo naamini ni ya jogoo huyu. Je, ana ugonjwa? Na mtoto hawezi kupata kichaa? Nifanye nini?"*

Dada yangu, tuanze na mtoto. Jogoo atasubiri.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha: mbwa, paka, mbweha, ng'ombe, hata sisi binadamu. Kuku hampi mtu kichaa, kwa hiyo hofu hiyo itue chini. Kinachonipa wasiwasi mimi ni uchafu. Mguu wa jogoo unashinda kwenye kinyesi na udongo, na mwiba wake unaingia kama msumari: juu unaacha tundu dogo, chini unaacha uchafu. Pepopunda hupenda mahali kama hapo. Kidonda cha namna hiyo huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 10 hadi 15. Kwa kuwa wiki imeshapita, chukua kadi ya kliniki uende nayo kituo cha afya waangalie kama mtoto alimaliza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana ndani yake mna kinga ya pepopunda, nao watakuambia kama anahitaji nyongeza. Ukiona pamevimba, pana joto, panatoa usaha, au mtoto ana homa au anashindwa kufungua kinywa vizuri, mpeleke saa hiyo hiyo.

Chini ya sikio si mbali na jicho. Mtoto wa miaka minne kimo chake kinaiweka sura yake pale pale jogoo anapofika akiruka. Kwa hiyo kuanzia leo, kabla hata hujamaliza kusoma jibu hili, jogoo na mtoto wasiwe ua mmoja. Sisemi "mwangalie mtoto". Hakuna mama mwenye macho ya kumtazama mtoto kutwa nzima huku ugali uko jikoni. Nasema mfungie jogoo. Tenga la kuku lililofunikwa kwa wavu linatosha kwa siku mbili tatu, ukimwekea maji na chakula kivulini.

Na mama mkwe pia usimchukulie kwa mzaha. Wazee wengi wana mishipa iliyovimba miguuni, na ngozi yao ni nyembamba. Mwaka 2019 kilichapishwa kisa cha bibi mmoja wa Australia aliyedonolewa na jogoo mguuni juu ya mshipa wa aina hiyo wakati akiokota mayai, akatoka damu mpaka akafa. Ni jambo la nadra sana, sikuelezi ili ukose usingizi, ila usikubali mtu akuambie kwamba jogoo hawezi kumdhuru mtu.

Sasa tuje kwa jogoo mwenyewe. Hana ugonjwa, hana pepo, wala hakuwa na hila tangu utotoni. Kuku mgonjwa hujikunyata, hupooza, hukaa pembeni na manyoya yamesimama. Hana nguvu za kupigana na mama mkwe wa mtu. Jogoo wako ni mzima kuliko wote hapo uani, na hiyo ni sehemu ya tatizo.

Umeandika kwa mshangao kidogo kwamba alilelewa mapajani, kana kwamba malezi hayo yalipaswa kumfanya mpole. Ni kinyume chake, na hapa ndipo wafugaji wengi wa nyumbani wanapojikwaa. Kifaranga aliyelelewa na mama yake, akiwa na wenzake, hujifunza mapema kwamba kuku ni kuku na mtu ni mtu: kiumbe kikubwa cha kukaa nacho mbali kidogo. Wako alikua bila mama, wenzake wakafa, akabaki na ninyi. Kwa hesabu zake kundi lake ni familia yako. Kwa mtetea hilo lingeishia kwenye kukufuata jikoni na kukunya sebuleni. Kwa dume mambo hubadilika akifika miezi minne au mitano, pora anapoanza kuwika. Homoni za kiume zinapanda, kilemba kinajaa damu, miba inachomoza, na ndani yake linazuka swali moja: nani wa kwanza hapa? Kuku wengine anawauliza kwa kuwadonoa. Ninyi pia anawauliza, maana alishawahesabu kuwa kuku.

Swali hilo si la kwake peke yake. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku kwa makini tangu akiwa mtoto, ndiye aliyeueleza ulimwengu wa wasomi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kila kundi la kuku lina ngazi: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa mwingine, mpaka wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Bibi zetu walilijua hilo bila kuandika kitabu. La kukumbuka ni kwamba ngazi hii haipandwi kwa hasira. Inapandwa kwa kujaribu. Jogoo anamjaribu aliye dhaifu kwanza, anaona matokeo, kisha anamgeukia mwingine. Binti yako ni mfupi, anakimbia, na anapokimbia anapiga kelele. Kwa jogoo hayo ni majibu matatu, na yote yanasema: umeshinda. Ndiyo maana alianza naye, na ndiyo maana anarudia.

Mumeo anatoa jibu lingine, nalo halisaidii. Jogoo anayepigwa teke hafikirii "nimekosa". Anaona mpinzani amekubali pambano. Siku ile anashindwa na kujitenga, kesho anarudi kurudisha deni, kama majogoo wawili wanavyofanya. Damu ya Kuchi inaongeza chumvi hapo: kuku yule mrefu wa shingo ndefu na kifua kilichosimama alipendwa kwa vizazi vingi kwa sababu ya kupigana, na ubishi wa namna hiyo hurithiwa. Mwambie baba watoto, kwa upole, kwamba anashiriki ngumi bila kujua. Teke moja likimvunja mbavu litakuwa ukatili, na likimkosa litakuwa mazoezi.

Kuhusu ushauri wa jirani wa kwanza, sikubaliani naye hata nusu. Mdomo wa kuku una mishipa ya fahamu mpaka karibu na ncha. Kuukata kwa jogoo mkubwa, kwa kisu cha jikoni, ni kama kumkata mtu kidole, na baada ya hapo atashindwa kuokota chakula na kujisafisha manyoya, kisha utitiri utamjaa. Halafu fikiria: mtoto wako alichomwa na mdomo? La. Jogoo anapigana kwa miguu. Utamwachia silaha na kumnyang'anya kijiko.

Ile miba, ambayo wazee wanaiita kipi, ndani yake ina kiini cha mfupa chenye damu. Ukiikata karibu na mguu atatoka damu nyingi na anaweza kuoza mguu. Kinachofaa ni kupunguza ncha tu, milimita chache, halafu kuisugua kwa tupa mpaka iwe butu. Mkamate usiku juu ya kichanja, mmoja amshike, mwingine asugue. Usiige zile video za kuchomeka mwiba kwenye kiazi cha moto ili ganda lichomoke, zinaunguza. Na kumpunguza makali hakubadilishi tabia. Atarukia vile vile, ila mchubuko utakuwa mdogo.

Jirani wa pili naye ana nusu ya ukweli. Jogoo mzuri kweli ni mlinzi. Ana mlio mmoja wa mwewe na mwingine wa kicheche, na mitetea wanaujua kila mmoja: kwa ule wa angani wanajificha, kwa ule wa chini wanasimama na kuangaza macho. Lakini jogoo wa namna hiyo namtambua kwa jambo moja. Akiona mtu anayeleta chakula, anawaita wake zake. Jogoo anayemwacha mwewe juu na kumfukuza bibi mwenye ndoo hamlindi mtu yeyote. Mimi mwenyewe nina kovu gotini la jogoo wa bibi yangu aliyesifiwa kijiji kizima kwa ukali, na mwewe alikuwa akibeba vifaranga vyake kila wiki.

Basi ufanye nini? Njia ni tatu, nitakuambia kila moja ilivyo.

Ya kwanza ni kumfunza. Inawezekana, hasa kwa jogoo ambaye bado hajafika mwaka, ila inahitaji mtu mzima mmoja asiye na haraka, wiki mbili hadi tatu, kila siku. Jifunze kwanza kusoma dalili zake, maana jogoo hutoa taarifa kabla ya kuruka. Anaangusha bawa moja na kukuzunguka kwa upande kama anacheza ngoma. Anadonoa chini mahali pasipo na punje, jicho moja likiwa kwako. Manyoya ya shingo yanatuna kama mwavuli. Ukiona hayo, usirudi nyuma, usikimbie, usimpige. Uwe umevaa gamboti na mikono mirefu, umeshika ungo mkuukuu au mfuniko wa sufuria kubwa kama ngao. Simama umenyooka, ungo uwe kati yako naye. Akiruka, apige ungo aanguke mwenyewe. Subiri. Itafika dakika atageuza kichwa, aanze kuparura au kuondoka. Hapo ndipo na wewe utembee, polepole, ukipita pale alipokuwa amesimama. Ukiondoka kabla yake, somo la siku hiyo umelifuta.

Wengine humkamata usiku, maana gizani kuku haoni na hana ubishi, kisha asubuhi wanazunguka naye kwapani dakika kumi, mabawa yamebanwa, mitetea wakitazama. Nimeona ikisaidia kwa baadhi na kwa wengine ikawa kazi bure. Jaribu, haina madhara. Pia mpunguzie sababu za kuwaka: msimkamate mtetea mbele yake, kwa kuwa kelele ya mtetea ndiyo filimbi ya vita, na mayai myaokote wakati yeye yuko nje.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Jogoo akikukubali wewe na mumeo, bado hajamkubali mtoto. Kila mtu ana nafasi yake kwenye ile ngazi, na mtoto hawezi kushika ungo na kusimama. Asitumiwe kwenye mafunzo hata siku moja. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo, kumfunza jogoo ni kwa faida ya watu wazima tu.

Ya pili ni kumtenga moja kwa moja: banda lake dogo lenye wavu pande zote na juu, maana chotara wa Kuchi akitaka anaruka ukuta, pamoja na mitetea watatu au wanne mnaotaka watotoe. Ni njia nzuri kama kweli mnataka mbegu yake. Swali langu ni moja tu: mnaitaka ya nini? Umbo kubwa ni zuri, lakini na ubishi unashuka pamoja nalo.

Ya tatu unaijua. Ungekuwa uani kwangu, na mtoto wa miaka minne ambaye tayari ameshachomwa karibu na uso, jogoo huyu asingeiona Jumapili. Sioni aibu kulisema. Watoto walimlea na watalia, waeleze ukweli kwa lugha yao, na kama hawataki kumla usiwalazimishe. Ukiamua kumuuza badala ya kumchinja, mwambie mnunuzi tabia yake. Kumpeleka mnadani kimya kimya ni kuhamishia kidonda kwa mtoto wa mwingine. Anayenunua kwa kitoweo hatajali. Nyama ya miezi tisa ni ngumu kidogo, ichemshwe taratibu kabla ya nazi.

Usiogope kukosa mayai. Mitetea hutaga bila jogoo kabisa. Jogoo anahitajika kwa vifaranga tu. Na unaye wa pili. Ila mchunge: akiondoka wa juu, wa chini hupanda ngazi, na jogoo aliyekuwa kimya mwaka mzima anaweza kubadilika ndani ya wiki chache. Kama alilelewa na mama yake, nina matumaini naye.

Sasa ule upara wa mgongoni. Sidhani ni ugonjwa, lakini usiamini maneno yangu kabla hujamshika kila mmoja na kumtazama. Jogoo akimpanda mtetea hukanyaga mgongo kwa kucha na kushika manyoya ya kisogo kwa mdomo. Upara ukiwa mgongoni na kisogoni, kwa mitetea wale wale anaowapenda, jibu ni hilo. Majogoo wawili kwa mitetea 14 ni mzigo. Jogoo mmoja kwa mitetea nane hadi kumi ndiyo kawaida, na huyo wako ana uzito wake. Akiondoka, manyoya yatarudi, ingawa mengine yatasubiri mpaka kuku anyonyoke upya.

Upara ukiwa nyuma chini ya mkia, wenye vidonda, hao wanadonoana wenyewe kwa wenyewe, na hilo ni jambo zito zaidi. Kuku anaona rangi nyekundu vizuri sana. Tone moja la damu linawaita wote, na wanaweza kumla mwenzao akiwa hai. Mtoe mwenye kidonda saa hiyo hiyo, mweke peke yake, umwoshe kwa maji ya chumvi kidogo, umrudishe akishapona. Kisha tafuta chanzo. Banda limebana? Kuku wanne kwa mita moja ya mraba wanapumua, kumi wanagombana. Wanakula nini? Pumba za mahindi peke yake hazina protini ya kutosha, na unyoya umetengenezwa kwa protini, kwa hiyo wanaofungiwa na kulishwa pumba tupu huanza kula manyoya ya wenzao. Changanya mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, au nunua chakula cha kuku wa mayai. Chumvi ikikosekana kabisa nayo huleta kudonoana, lakini ikizidi inaua, kwa hiyo usimwage kwa kukisia. Funga mchicha au majani ya mlonge juu kidogo wawe wanarukia. Kuku mwenye kazi hana muda wa ugomvi.

Na usiku mmoja ingia na tochi. Kagua nyufa za vichanja na chini ya mabawa. Ukiona vidudu vyekundu vinatembea, ni utitiri, vinanyonya damu usiku na kuwafanya kuku wawe na hasira mchana. Hapo utahitaji dawa ya banda na ya kuku kutoka duka la mifugo, na uulize mayai yakae siku ngapi bila kuliwa.

Afisa mifugo wa kata mwite ukiona vidonda vimefika kwenye nyama, mtetea ametokwa na kizazi nje, kuku wanakufa, au tabia imebadilika ghafla kwa kuku wengi pamoja.

Yamebaki yale mayai 11. Mwache mtetea aatamie, siku 21 zikitimia utapata vifaranga wako. Huenda baadhi ni wa jogoo yule mwingine, huwezi kujua kwa macho. Wafunge uzi wa rangi mguuni, uulegeze kadiri wanavyokua. Wawe na mama yao, si kwenye boksi jikoni, na watoto wawatazame bila kuwabeba kutwa. Mitetea watakaotoka wafuge bila wasiwasi. Madume walishe vizuri, wakifika miezi minne wapange kwa ajili ya sikukuu, na kama kuna mmoja anayekupisha njia ukipita na ndoo, huyo ndiye wa kumbakiza.